Mama Kipimo na Mikono ya Kinyozi

Wasikilizaji wapendwa, wiki hii kuna duka la dawa lililofunguliwa na mtu mwingine. Mlango ni uleule, wa chuma, unaolia ukiusukuma. Mizani ni ileile, nyuma ya kabati la dawa za kikohozi. Lakini mama aliyezoea kuegemea kaunta, miwani ikiwa imemshuka hadi ncha ya pua, hayupo. Amefariki dunia. Tuko pamoja hapa kumkumbuka.

Alikuwa mfamasia. Naomba neno hilo tulishike, kwa sababu wengi walimwita daktari, na kila mara aliwasahihisha. "Mimi si daktari," alikuwa akisema. "Daktari ana kitanda cha kukulaza. Mimi nina kiti kimoja tu, na mguu wake mmoja ni mbovu." Alikuwa mfamasia wa mtaani. Mtaa ulimwita Mama Kipimo, na jina hilo ndilo tutakalolitumia leo, maana hata mumewe alilitumia.

Unaweza kudhani jina lilitokana na vidonge. Hapana. Lilitokana na glasi.

Ilikuwa hivi. Mtu anaingia dukani kununua dawa ya kichwa. Jumatatu iliyofuata anarudi, dawa ya kichwa na ya kiungulia. Jumatatu nyingine, vilevile. Mama Kipimo hakuwa mtu wa kuuliza maswali mbele za watu. Alisubiri duka litulie, kisha akainama kidogo na kusema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za mvua, "Na kinywaji je, kinakwendaje?"

Wengi walijibu jibu moja. "Kidogo tu, mama. Glasi mbili jioni."

Yeye hakubisha. Alisema tu, "Basi kesho niletee hiyo glasi."

Mtu alikuja na glasi yake imefungwa kwenye gazeti, kama mwizi wa vyombo. Mama Kipimo alimpa jagi la maji. "Mimina kama unavyomimina nyumbani. Usinionee haya, haya haijawahi kumponya mtu." Mtu akamimina. Mama Kipimo akachukua yale maji, akayatia kwenye chombo chake cha kupimia, kile cha kioo chenye mistari ubavuni, akakigeuza ili mwenyewe asome. Mtu alikuja na hesabu ya glasi mbili, akaondoka na ya tano, na hakuwa ameongeza hata tone.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Na kwa kuwa hakuna anayependa kuonekana anakwenda kuzungumza habari za pombe, watu walitafuta njia. Mizani ilikuwa nyuma ya kabati, mahali ambapo mtu aliyesimama mlangoni hapaoni. Basi aliyetaka kuzungumza alisema, "Nimekuja kupima uzito." Mumewe, ambaye ni mwalimu mstaafu, bado anacheka akikumbuka. "Mtaa wetu ulipima uzito kuliko machinjio," anasema. "Na hakuna aliyenenepa wala kukonda."

Wasikilizaji wapendwa, Mama Kipimo hakuwa mhubiri. Hakumwambia mtu "acha" kabla ya kumuuliza "kiasi gani." Kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa shule, ambaye alikuwa akinywa peke yake jioni baada ya kazi. Alileta kikombe cha maua, kirefu, cha kuwekea maziwa. Mama Kipimo alipima, akamwachia asome, kisha akaingia nyuma na kumletea glasi ndogo. "Mimina humu. Chupa iache jikoni, usiiweke karibu na mguu. Ukitaka nyingine, inuka uifuate. Kula kwanza. Na uchague siku zako za kutogusa kabisa, uzichague mwenyewe, mimi sitakuchagulia." Kisha akamuuliza anatumia dawa gani, akakuta za presha, akamweleza kwa nini zilikuwa hazifanyi kazi.

Mpishi yule alipunguza. Hakupunguza kwa siku moja. Mama Kipimo alikuwa na msemo wake aliougeuza kutoka ule wa wazee: "Haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba hukipunguza pia."

Nyuma ya kaunta kulikuwa na rafu ya vyombo vilivyoachwa. Glasi, vikombe, bilauri, hata chupa moja ya kunyonyeshea mtoto iliyokatwa shingo. Vingine viliachwa na watu ambao hawakuvihitaji tena. Vingine viliachwa na watu waliokuja mara moja na hawakurudi. Mama Kipimo aliviosha vyote kila Ijumaa kwa sabuni ileile. Yeye alijua kipi ni cha nani. Hakuwahi kusema.

Chombo kimoja kwenye rafu ile ni kikombe kikubwa cha bati, mkono wake umepinda. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia. Ni cha kinyozi wa jirani.

Kibanda cha kinyozi na duka la dawa vilikuwa ukuta mmoja, na ukuta wenyewe mwembamba. Mama Kipimo alisikia mashine ya kunyolea, alisikia redio, na zaidi ya yote alimsikia kinyozi. Yule bwana alikuwa na mdomo usiopumzika. "Kinyozi asiyeongea ni mkata nyasi," alikuwa akisema. Mteja akikaa kitini, anaondoka na nywele chache na habari nyingi. Mara nyingine alibisha ukutani na kuuliza kwa sauti, "Dada, una dawa ya mteja bahili?" Na upande wa pili ukajibu, "Ninayo, lakini naye hainunui!"

Ila kuna kitu ambacho ukuta haukusema. Nyuma ya kioo kikubwa cha kibanda kulikuwa na kikombe cha bati, na kando yake chupa ya pombe kali. Kinyozi alipoamka asubuhi, mikono yake ilitetemeka. Akinywa kikombe cha kwanza, ilitulia. Kwa hiyo alikunywa ili aweze kufanya kazi, na akafanya kazi ili aweze kununua. Mkewe, fundi cherehani, alijua. Alikuwa ameshasema yote anayoweza kusema mke. Mwisho alimwambia hivi, huku akikata uzi kwa meno: "Baba watoto, siku ukimkata mtu shingo, mimi nitakuwa kwetu. Sitangoja kuulizwa ulikuwaje."

Jumamosi moja, mwalimu mstaafu, mume wa Mama Kipimo, aliingia duka la dawa ameshika sikio. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeshaloa damu.

"Nani kakufanya hivi?" mkewe aliuliza.

"Ni mkwaruzo tu. Nilitikisa kichwa."

"Wewe? Mtu uliyesimama darasani maisha yako yote bila kutikisika hata kengele ikilia?"

Mwalimu hakumtaja mtu. Kinyozi alikuwa rafiki yake. Mama Kipimo akasafisha jeraha, akabandika pamba, akavua koti lake jeupe na kwenda mlango wa pili.

Kinyozi alikuwa amesimama katikati ya kibanda, wembe bado mkononi. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi wakitazama sakafu.

"Jirani," Mama Kipimo alisema, "nataka uje kupima uzito."

Wateja wakatazamana. Kinyozi akajitahidi kucheka. "Uzito wangu naujua, dada. Muulize mke wangu, kitanda ndicho kinachomwambia."

"Njoo hata hivyo."

Alikwenda mchana, mlango wa duka ukiwa umerudishwa. Akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu. Hakuwa na mzaha hata mmoja. Alisema anakunywa, ndiyo, lakini si sana. Mama Kipimo akamwambia alichowaambia wote: "Kesho niletee glasi yako."

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo palipokosewa. Naomba mnisikilize vizuri.

Kinyozi alifika nyumbani, akakitoa mkobani kile kikombe cha bati, maana alikuwa anahama nacho. Akakitazama. Akajiona nacho mbele ya kaunta, mbele ya yule dada aliyemheshimu, mke wa mtu aliyemkata sikio. Hakuweza. Akafungua kabati, akachukua glasi ya binti yake mdogo, ile ya maji ya matunda, iliyochorwa bata wa njano. Asubuhi akaenda nayo.

Akamimina maji kwa mkono wa adabu. Mama Kipimo akapima. Akaitazama ile glasi, akamtazama na mwenyewe.

"Hii tu?"

"Hiyo tu, dada. Mbili. Siku nikiteleza, tatu."

Na Mama Kipimo alimwamini. Binti wa dada yake, ambaye siku zile alikuwa ameanza kazi pale dukani na ndiye mfamasia wa duka hilo sasa, anakumbuka. "Mama mkubwa hakuwa mjinga," anasema. "Lakini yule alikuwa jirani yake. Alikuwa akimchekesha kila siku kupitia ukutani. Nadhani alitaka iwe kweli."

Kwa mtu anayekunywa kiasi kile kidogo, kukaa bila kabisa kwa wiki moja ni jambo linalowezekana. Ndivyo alivyomshauri. "Jaribu wiki hii usiguse. Tuone mikono inasemaje." Ushauri ulikuwa sawa kwa glasi ile. Tatizo ni kwamba glasi ile haikuwa ya mtu yule.

Kinyozi alifurahi. Alikuwa ametafuta amri ya namna hiyo kwa muda mrefu. Alirudi nyumbani, akamwaga chupa nzima kwenye sinki mbele ya mkewe, akakirudisha kikombe nyuma ya kioo cha kibanda, akasema, "Nimeacha." Mkewe alimtazama, kisha akacheka, na kinyozi anasema kicheko kile alikuwa amekisahau kabisa.

Siku ya kwanza alitoka jasho kama mbeba mizigo. Hakula. Usiku hakulala. Asubuhi ya pili alifungua kibanda kwa shida, maana ufunguo ulikataa tundu. Mikono ilikuwa inacheza kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Aliwaambia wateja leo ni mashine tu, hakuna wembe. Mteja wa kwanza alipokaa, kinyozi akachukua taulo na kuanza kufuta kioo. Akafuta, akafuta.

"Unafuta nini?" mteja akauliza.

"Hawa sisimizi. Huwaoni?"

"Sisimizi gani, ndugu yangu?"

Upande wa pili wa ukuta, Mama Kipimo alikuwa akihesabu vidonge. Alisikia kishindo. Kisha hakusikia kitu. Binti wa dada yake anasema uso wa mama mkubwa ulibadilika si kwa kile kishindo, bali kwa ule ukimya. Kinyozi akinyamaza, kuna jambo.

Alimkuta sakafuni, mwili mzima unakakamaa na kutikisika. Mteja alikuwa ameshika kijiko, anataka kumtia mdomoni. "Kitoe hicho!" Mama Kipimo akasogeza kiti na benchi, akamlaza ubavu, akakunja taulo na kuliweka chini ya kichwa chake, akamtuma mteja atafute gari. Akabaki amepiga magoti, anamwita, "Jirani. Jirani, nipo hapa." Mtikisiko ulipoisha, kinyozi alikuwa hai, anakoroma, hajui alipo.

Mkewe alifika akikimbia, futi ya kupimia nguo bado shingoni.

"Wifi," Mama Kipimo alimuuliza, "glasi mbili ndogo kwa siku, ni kweli?"

"Glasi?" mke akasema. "Glasi gani?"

Akaingiza mkono nyuma ya kioo akatoa kile kikombe cha bati. "Hiki. Mara ngapi, sijui, niliacha kuhesabu. Hajapiga mswaki, hiki. Hajalala, hiki."

Mama Kipimo alikishika. Hakuhitaji maji wala mistari. Alijua.

Hospitalini hakuzunguka. Alimwambia daktari wa zamu: huyu alikuwa anakunywa pombe kali kila siku, asubuhi hadi usiku, na ameacha ghafla, na mimi ndiye niliyemwambia aache. Daktari akafanya kazi yake. Dawa za kuutuliza mwili, vitamini, maji, na mtu wa kumtazama mchana na usiku. "Mmemuwahi," daktari alisema.

Nalirudia hili, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu Mama Kipimo alilirudia hadi mwisho wa maisha yake. Mtu ambaye mwili wake umeshazoea pombe kila siku, mtu anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Inaweza kumuua. Aende kwenye kituo cha afya, aseme ukweli, asaidiwe kushuka kwa usalama. Kuacha kwa namna hiyo kuna ngazi zake. Usiruke kutoka juu ya paa.

Kinyozi alipopata fahamu vizuri, mtu aliyemwona kwanza alikuwa mkewe, na wa pili alikuwa Mama Kipimo, amekaa kwenye kiti cha wodi, mkoba magotini.

"Dada," akasema. "Nilikudanganya. Ile glasi ni ya mtoto."

"Najua. Ina bata."

"Ulijua?"

"Niliona bata. Nikajiambia, si kitu, hata mtu mzima anaweza kupenda bata."

Kinyozi akacheka, kicheko kikageuka kilio, na mkewe akamgeuzia uso ukutani wasimwone wagonjwa wengine. Mama Kipimo akasogeza kiti karibu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilipima glasi, sikupima mikono. Na mikono yenyewe ilikuwa mbele yangu, juu ya kaunta yangu."

"Mimi ndiye niliyeficha."

"Kuficha ni kazi ya mgonjwa, jirani. Kutazama ni kazi yangu."

Mkewe akasema bila kugeuka, "Mficha maradhi kilio humuumbua. Nilimwambia, akadhani namwimbia."

"Nawe usimlaumu sana, wifi," Mama Kipimo akajibu. "Kinyozi hajinyoi. Lazima kichwa ampe mwingine."

Kuanzia hapo utaratibu wa duka ulibadilika. Mikono kwanza, glasi baadaye. Aliyekuja kupima uzito aliambiwa anyooshe mikono juu ya kaunta, viganja chini. Mama Kipimo alichukua bahasha ndogo ya karatasi, zile za kutilia vidonge, akaiweka juu ya vidole. Karatasi haina huruma wala aibu. Mkono ukitetemeka kidogo tu, inacheza, na inalia. Ikilia, Mama Kipimo hakutaka tena habari za glasi. Alifunga duka na kumpeleka mtu kwenye kituo cha afya yeye mwenyewe.

Kinyozi alitoka hospitalini akiwa hanywi, na akaendelea na kliniki. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alipita duka la dawa. Hakuna aliyemwamuru. Aliingia, mlango ukalia, akanyoosha mikono. Mama Kipimo akaweka bahasha. Wote wawili wakaitazama.

"Nenda kanyoe," alisema ikitulia.

Kuna asubuhi haikutulia. Kulikuwa na harusi, kulikuwa na marafiki, akanywa. Alikuja hata hivyo. Alisimama mlangoni kwanza, kisha akaingia.

"Leo unamnyoa nani?" Mama Kipimo aliuliza.

"Simnyoi mtu."

"Vema. Kaa." Akamwachia kile kiti kibovu, akampigia simu mkewe, na mchana wakarudi kliniki watatu. Hakumsema. Mkewe alimsema, lakini hiyo ni haki yake.

Na siku ya kwanza kinyozi aliporuhusiwa kushika tena wembe, nani alikwenda kukaa kwenye kiti? Mwalimu mstaafu, mwenye alama sikioni. Aliinua kidevu, akafumba macho. Mama Kipimo alisimama mlangoni mwa kibanda akijifanya anatazama mvua.

"Na siku hiyo," mwalimu anasema, "hata wingu halikuwepo."

Wasikilizaji wapendwa, Mama Kipimo aliugua moyo. Hakuugua muda mrefu. Alifanya kazi mpaka wiki ile aliyolazwa, na hata wodini alimuuliza muuguzi kama wagonjwa wa vitanda vingine wameulizwa habari za kinywaji. Binti wa dada yake alikuwa pembeni yake. Neno la mwisho la kazi aliloachiwa ni fupi. "Mwanangu, wakikwambia glasi, tazama mikono." Alifariki asubuhi, mumewe amemshika mkono.

Siku ya mazishi, kinyozi hakufungua kibanda. Alikuwa nyumbani kwa marehemu tangu mapema, akipanga viti. Mtu mmoja, rafiki wa zamani wa kikombe, akamshika bega na kumvuta pembeni. Alikuwa na chupa ndani ya koti.

"Leo kunywa kidogo," alisema. "Leo hata yeye angekuruhusu."

Kinyozi anasema hakumchukia. Rafiki alikuwa analia kweli. Anasema aliitazama ile chupa, akaona mikono yake mwenyewe inatetemeka, na mwili ukakumbuka dawa ya zamani ya mikono inayotetemeka. Ulikumbuka kwa haraka kuliko alivyodhani. Akageuka, akaondoka kwa miguu mpaka duka la dawa.

Duka lilikuwa limefungwa, lakini binti wa dada yake Mama Kipimo alikuwa ndani, amekwenda kuchukua miwani ya mama mkubwa. Mlango ukalia. Kinyozi hakusalimu. Alisimama mbele ya kaunta akanyoosha mikono, viganja chini.

Binti akachukua bahasha. Akaiweka. Bahasha ikalia.

"Umekunywa, mjomba?"

"Sijanywa. Nimeambiwa ninywe."

"Kaa."

Akakaa kwenye kiti chenye mguu mbovu. Baada ya muda akanyoosha tena, bahasha ikalia tena. Akakaa tena. Ndipo mlango ukafunguka, akaingia mwalimu mstaafu, amevaa suti, ndevu zimeota kwa siku zote za wodini, taulo begani.

"Nimekuta kibanda kimefungwa," alimwambia kinyozi. "Nataka kunyolewa. Siwezi kumsindikiza hivi. Atanisema."

"Mwalimu, tafuta mwingine leo," kinyozi akajibu. "Tazama mikono yangu. Nitakuumiza."

Mwalimu akaichukua ile bahasha kwa binti. Akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya kaunta, akaiweka juu ya vidole. Ikacheza mpaka ikaanguka.

"Yangu haijawahi kuonja pombe," alisema. "Tazama ilivyo."

Kinyozi akatazama.

"Si kila mtetemo ni ule," mwalimu akasema. "Tungoje mikono yote minne itulie. Hawawezi kuanza bila mimi."

Wakangoja. Binti akawachemshia chai nyuma ya duka. Walikunywa vikombe vyao polepole, wakamzungumzia Mama Kipimo, jinsi alivyowasahihisha watu, jinsi alivyotazama mvua isiyokuwepo. Mwalimu alicheka mara moja. Kisha kinyozi akanyoosha mikono. Bahasha ikakaa kimya.

Binti alijua linalopaswa kusemwa, akalisema. "Nenda kanyoe, mjomba."

Akamnyoa. Alichukua muda mrefu. Hakuongea hata neno, yeye aliyesema kinyozi asiyeongea ni mkata nyasi. Alipofika karibu na sikio, pale penye alama ya zamani, alisimamisha wembe, akavuta pumzi, akamaliza. Mwalimu akajipapasa mashavu, akatazama kiganja. Hakikuwa na damu. Wakatoka pamoja kwenda kumzika.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yetu sote tunatoa pole kwa mwalimu, kwa binti wa dada wa marehemu, kwa familia nzima, na kwa mtaa uliopoteza mtu wa kuuliza "kinakwendaje?" bila kumdhalilisha mtu. Mungu awape nguvu, na marehemu apumzike kwa amani.

Nasi tuliobaki tujitazame kidogo. Jioni hii, kama huwa unamimina, chukua ile glasi yako yenyewe, si ya mtoto. Ijaze maji. Yapime. Soma mwenyewe. Kama mkono wako unatetemeka asubuhi, usijifungie ndani ukajipa amri, wala usimfungie mwenzako. Nenda ukamwambie mtu wa dawa aliye karibu nawe, au kituo cha afya, na useme kikombe cha kweli.

Kile kikombe cha bati bado kipo kwenye rafu. Siku hizi kina kalamu. Mlango wa chuma bado unalia ukiusukuma, na mizani bado iko nyuma ya kabati la dawa za kikohozi. Ukiingia, sema tu umekuja kupima uzito.